Jaji na Uamuzi wa Serikali: Haki za Binadamu Zilivyobadili Mapitio ya Mahakama

Mapitio ya mahakama ni utaratibu unaomwezesha mtu aliyeumizwa na uamuzi wa chombo cha umma kumwomba jaji aukague uamuzi huo kisheria. Chombo chenyewe chaweza kuwa wizara, halmashauri, bodi ya leseni, chuo kikuu cha umma au kamati ya nidhamu. Hii si rufaa. Katika rufaa jaji huangalia kama aliyeamua aliamua sawa, na akiona sivyo huweka uamuzi wake mahali pa ule wa kwanza. Katika mapitio, kwa mafundisho ya zamani, maswali ya jaji ni machache: aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alifuata utaratibu? Alimsikiliza mhusika? Akiridhika kwamba hayo yote yalifanyika, kazi yake imekwisha, hata kama yeye mwenyewe angeamua vingine.

Sheria ya haki za binadamu imeusogeza mpaka huo. Siku hizi jaji hujikuta mara kwa mara akiuliza swali zito zaidi: serikali ilikuwa na sababu ya kutosha ya kuigusa haki ya mtu huyu, na je, haikuwapo njia ya kufikia lengo lake bila kumwumiza kiasi hicho? Kenya na Tanzania zinafaa kutazamwa pamoja katika jambo hili, kwa kuwa zilirithi utaratibu uleule kutoka kwa Waingereza kisha kila moja ikashika njia yake.

Urithi wenyewe ni amri tatu. Ya kwanza hutengua uamuzi uliokwisha kutolewa. Ya pili huzuia kitendo kisifanyike. Ya tatu humlazimisha ofisa kutimiza wajibu aliopewa na sheria. Majina yake ya Kilatini yangali yakitamkwa mahakamani Nairobi na Dar es Salaam hadi leo. Pamoja na amri hizo kilikuja kipimo cha busara, ambacho wanasheria hukiita Wednesbury kwa jina la mji mmoja wa Uingereza. Halmashauri ya mji huo iliiruhusu kampuni ya sinema kufungua ukumbi siku ya Jumapili kwa sharti kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wasiingie. Kampuni ikaenda mahakamani na mwaka 1947 ikashindwa. Mahakama ilisema itaingilia tu pale ambapo uamuzi umekosa busara kiasi kwamba hakuna chombo chenye akili timamu kingeweza kuufikia. Kwa ofisa wa serikali hiyo ni ngao nene, maana si rahisi kumkuta mtu ofisini aliyefikia hatua hiyo.

Udhaifu wa kipimo hicho ulianikwa na Waingereza wenyewe. Katika miaka ya 1990 askari waliofukuzwa jeshini kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja waliomba mapitio. Mwaka 1995 mahakama za nchi hiyo ziliwakatalia, zikisema sera ile haikuwa imekosa busara kwa kiwango kinachotakiwa. Askari wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na mwaka 1999 wakashinda. Mahakama hiyo ilisema kipimo kilichotumika Uingereza kilikuwa kimewekwa juu mno, hata swali la maana, yaani kama kulikuwa na haja ya kweli ya kuingilia faragha ya watu wale, halikuwahi kuulizwa. Mwaka uliofuata Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 ilianza kutumika Uingereza, na mwaka 2001, katika kesi ya mfungwa aliyelalamika kwamba barua zake na wakili wake zilikuwa zikikaguliwa wakati yeye hayupo, majaji wa juu wa nchi hiyo wakakubali kwamba haki ikiguswa hutumika kipimo kingine, kile cha uwiano: lengo la serikali lipimwe dhidi ya madhara ya njia iliyochaguliwa.

Kenya ilikuwa na sura ya haki katika katiba yake tangu uhuru, lakini kuwa na sura ya haki na kuweza kuitumia ni mambo mawili. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 84, ambacho ndicho kilichompa mtu ruhusa ya kushtaki haki yake inapovunjwa, hakiwezi kufanya kazi kwa sababu Jaji Mkuu hajatunga kanuni za kukitumia. Ni uamuzi wa ajabu, maana mwananchi alinyimwa haki kwa sababu mkuu wa mahakama hakufanya kazi yake. Mapitio ya kawaida yaliendelea kuwepo, lakini kwa masharti yake: lazima kwanza kuomba kibali cha kufungua shauri, na anayetaka uamuzi utenguliwe awe amefika ndani ya miezi sita.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyageuza mambo hayo. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa na vyombo vya utawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na yule ambaye haki yake itaathirika apewe sababu kwa maandishi. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kwa niaba ya mwingine asiyeweza, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma, na inakataza kutoza ada ya kulifungua. Ibara ya 23 inaitaja amri ya mapitio miongoni mwa nafuu ambazo jaji anaweza kutoa katika shauri la haki, sambamba na fidia na amri za kulinda hali isiharibike kesi ikiendelea. Iliyokuwa hisani ya majaji wa Kiingereza sasa imekuwa haki iliyoandikwa. Mahakama ya Juu ilikubali hivyo mwaka 2014 katika kesi ya vituo vya televisheni dhidi ya Tume ya Mawasiliano, na mwaka 2015 Bunge likatunga sheria mahususi ya utendaji wa haki katika utawala.

Katika kesi za kila siku, hata hivyo, badiliko lenye uzito kuliko yote limo katika ibara ya 24, nalo husahauliwa mara nyingi na wasio wanasheria. Katika mapitio ya zamani aliyelalamika ndiye aliyebeba mzigo wa kuonyesha kosa la serikali. Ibara ya 24 inasema anayetaka kuibana haki ndiye athibitishe kwamba kuibana huko kunafaa katika jamii ya kidemokrasia, na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Mlalamikaji akishaonyesha kwamba haki imeguswa, wakili wa serikali ndiye wa kusimama na kueleza. Asipokuwa na maelezo yenye ushahidi, ameshindwa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa wakimbizi wa mijini. Desemba 2012, baada ya mashambulizi ya mabomu ya kurushwa kwa mkono, serikali ya Kenya iliagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini wahamie kwenye kambi. Shirika la Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe wakafungua shauri. Usalama wa nchi ni hoja ambayo majaji wa zamani walikuwa wakiipisha bila kuigusa. Mara hii Mahakama Kuu ilitaka kuonyeshwa uhusiano kati ya mashambulizi na familia hizo, na Julai 2013 ikautengua mpango huo kwa kuwa serikali haikuuonyesha. Mambo hayakuishia hapo. Machi 2014 serikali ilitoa agizo jipya, likiungwa mkono na tangazo katika gazeti rasmi lililozitambua Dadaab na Kakuma kuwa maeneo ya wakimbizi, na maombi ya kulipinga yakakataliwa. Februari 2017, mpango wa kuifunga kambi ya Dadaab na kuwarudisha Wasomali kwao ulipofika mahakamani, ukabatilishwa: haukuwashirikisha wahusika, na uliwarudisha watu mahali ambako maisha yao yangekuwa hatarini. Anayedhani kwamba hukumu moja ya haki za binadamu humaliza jambo na azitazame kesi hizi tatu kwa mfuatano.

Huduma Namba, mpango wa Kenya wa utambulisho wa kielektroniki, nayo ilifika mahakamani kwa njia mbili, na kwa hiyo ni somo zuri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalianzisha daftari moja la kielektroniki la watu wote nchini, na yakaruhusu kukusanywa kwa vinasaba na alama za setilaiti za mahali mtu anapoishi. Jukwaa la Haki za Wanubi, jamii ambayo kwa miaka mingi imelalamikia vikwazo vya kupata vitambulisho, lilikuwa miongoni mwa waliofungua shauri la kikatiba. Januari 2020 majaji watatu waliamua kwamba kukusanya vinasaba na alama za mahali kunaingilia faragha pasipo haja, na kwamba mpango uliobaki ungeweza kuendelea endapo tu ungewekewa kanuni kamili za ulinzi.

Serikali ilianza kugawa kadi. Taasisi ya Katiba ikaenda mahakamani tena, safari hii kwa maombi ya mapitio ya kawaida, na hoja yake ilikuwa nyembamba kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka tathmini ya madhara ifanywe kabla ya mradi wa namna hiyo, na tathmini haikufanywa. Oktoba 2021 jaji alikubali, akautengua uamuzi wa kutoa kadi, akaamuru tathmini ifanyike kwanza. Shauri la kwanza lilibishaniwa kwa siku nyingi juu ya faragha, ubaguzi na teknolojia. La pili lilishinda kwa kuonyesha waraka mmoja ambao haukuwepo. Mawakili wenye uzoefu hulijua hilo vizuri. Haki ya faragha ndiyo iliyozaa sheria ya data, na sheria ya data ndiyo iliyompa jaji kosa la utaratibu lisilohitaji falsafa.

Hata hivyo swali lilibaki: jaji wa mapitio aingie ndani ya uamuzi kiasi gani? Kwa miaka kadhaa majaji wa Kenya walitofautiana. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Suchan Investment, ilisema kwamba sheria mpya imefungua mlango wa kuupima uamuzi wenyewe kwa kadiri fulani. Wengine walishikilia msimamo wa zamani kwamba kinachotazamwa ni njia iliyopitwa tu. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilikata shauri hilo katika kesi ya Dande dhidi ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Aliyekuja kwa mujibu wa Katiba, akidai haki yake imevunjwa, anastahili uamuzi alioulalamikia upimwe kwa undani. Aliyekuja kwa kanuni za zamani za mwenendo wa madai, bila kutaja haki wala Katiba, atasikilizwa juu ya utaratibu tu. Maana yake kwa wakili ni kwamba mawanda ya kesi yake huamuliwa siku ya kuandika maombi, kabla jaji hajaliona jalada. Na kutaja haki kwa jumla hakutoshi. Tangu uamuzi wa mwaka 1979 katika kesi ya Anarita Karimi Njeru, mahakama za Kenya hutaka mlalamikaji aseme bayana ni kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwa vipi.

Tanzania ilifika kwa kuchelewa. Katiba ya uhuru haikuwa na sura ya haki, na viongozi wa wakati ule walisema ingewafunga mikono katika kujenga taifa. Haki ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, hivyo zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Majaji hawakukawia. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Daudi Pete, ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa wa makosa fulani. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ikabatilisha sharti la kuomba ridhaa ya serikali kabla ya kuishtaki. Katika kesi hiyo iliwekwa kanuni ambayo bado inanukuliwa: sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika. Baadaye kesi ya Ndyanabo, iliyofuta amana ya shilingi milioni 5 kwa anayepinga matokeo ya ubunge, iliongeza kwamba anayetetea kizuizi ndiye mwenye mzigo wa kukihalalisha.

Haki hizo ziliingia pia katika mapitio ya kawaida, kimyakimya zaidi. Katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa si kanuni ya majaji wa Kiingereza pekee. Nchini Tanzania ni haki ya msingi chini ya ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Tangu hapo, mtumishi aliyefukuzwa bila kuitwa, au mwenye kiwanja aliyefutiwa hati bila taarifa, ana hoja ambayo ofisa hawezi kuijibu kwa kusema kwamba hata angemsikiliza matokeo yangekuwa yaleyale.

Tofauti kubwa na Kenya ni kwamba Tanzania imebaki na milango miwili isiyoingiliana. Mlango wa mapitio uko chini ya Sura ya 310 ya sheria za nchi na kanuni zake za mwaka 2014: kuomba kibali ndani ya miezi sita, kisha kufungua maombi yenyewe ndani ya siku 14 baada ya kibali, na nafuu ni zile amri tatu za zamani. Mlango wa haki za msingi uko chini ya Sura ya 3, sheria ya mwaka 1994, ambako shauri likipita hatua ya awali husikilizwa na majaji watatu. Sheria hiyo ya pili inasema mahakama isilisikilize shauri kama mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Kwa hiyo anayebisha hodi kwenye mlango wa haki anaweza kuambiwa aende kwenye mapitio, na akifika huko miezi sita imekwisha pita. Mashauri mengi hufia hapo, kwenye pingamizi la awali, bila jaji kugusa malalamiko yenyewe. Mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti kwamba anayeleta shauri la haki aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, hatua iliyowalenga waziwazi wanaofungua kesi za maslahi ya umma, na ambayo nayo ilipelekwa mahakamani kupingwa.

Tanzania ina jambo jingine la pekee. Mahakama Kuu ikiona sheria au kitendo kimekiuka Katiba, inaruhusiwa kutokukibatilisha papo hapo na badala yake kuipa serikali muda wa kukirekebisha. Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja. Serikali ilikata rufani, ikashindwa Oktoba 2019, na miaka ikapita bila Bunge kuvirekebisha. Muda unaotolewa bila adhabu kwa anayeupuuza hugeuka kuwa likizo.

Kenya nayo haijasalimika na tatizo hilo. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walipewa notisi ya siku saba mwaka 2011, wakapata amri ya muda ya kuzuia wasiondolewe, na nyumba zao zikabomolewa hivyohivyo mwezi Novemba. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema jaji anaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake, kisha ikalirudisha shauri chini ili nafuu inayofaa ipangwe. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu wabomolewe. Kuna pia kesi za mwanasiasa Miguna Miguna, aliyefukuzwa nchini mwaka 2018 huku amri za mahakama zikiwa mezani. Waziri na mkuu wa polisi walikutwa na hatia ya kudharau mahakama, wakatozwa faini ya shilingi laki mbili kila mmoja, na yeye hakurudi nyumbani hadi Oktoba 2022. Haki za binadamu zimempa jaji maswali mapya ya kuuliza. Askari wa kuzitekeleza amri zake wangali wa serikali ileile.

Mtanzania aliyeshindwa nyumbani aliweza wakati fulani kwenda kwenye mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi katika mahakama za Tanzania tangu miaka ya 1990, na Mahakama ya Rufani ilipomwambia mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na kushinda Juni 2013. Mlango huo umefungwa kwa Mtanzania wa kawaida: Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Imebaki Mahakama ya Afrika Mashariki, jijini humohumo, ambayo huangalia kama kitendo cha serikali kimekiuka misingi ya Mkataba wa Jumuiya. Huko muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu.

Mwananchi anayepokea barua ya kunyimwa leseni, kufutiwa hati au kufukuzwa kazi ya umma basi na aanze na kalenda kabla ya kuanza na hasira. Aombe sababu kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na aulize mapema kama kuna kamati au bodi ya kukatia rufaa, kwa kuwa nchi zote mbili humtaka amalize ngazi hizo kwanza. Nchini Kenya barua hiyo ya kuomba sababu ina nguvu ya pekee: ofisa asipoijibu, sheria ya 2015 inamhesabu kuwa aliamua bila sababu nzuri mpaka athibitishe vinginevyo. Nchini Tanzania miezi sita ya kuomba kibali huanza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, na kusubiri majibu ya wizara hakuisimamishi.